Dali Haipiti Mlango Huu

Hasira zangu nimezirithi kwa nyanya yangu mzaa mama, na sijapata wa kumrudishia. Waulize watu wa zamani wa Likoni, watakwambia: Mwanarehema akikasirika, hata kuku wa jirani huhama. Basi msianze kuniuliza kwa nini niliapa. Niulizeni kwanza mume wangu Mbwana alinifanyia nini.

Mbwana alikuwa fundi cherehani. Miaka ile Uhuru wanukia, na wanaume barazani hawana neno ila Mwambao, Mwambao, eti pwani ijitawale, yeye kila asubuhi huvuka na feri kwenda mjini, akaketi na cherehani yake kwenye baraza ya duka la nguo la Mhindi mmoja. Adhuhuri ikifika, mamake mwenye duka, mwanamke aliyeitwa Bai Kanta, huwatolea mafundi chakula. Mara nyingi chakula chenyewe ni adesi, zile Wahindi waziitazo dali.

Sasa sikilizeni. Jioni mtu yuarudi, namwandalia wali wa nazi unaonukia mpaka njiani. Samaki changu nimemkaanga, nikamrudisha kwenye tui zito, nikamkamulia ndimu. Yuanawa, yuala, yuala, sahani yabaki nyeupe kama imeoshwa. Namngojea aseme neno. Yuafuta mdomo, yuaegemea ukuta, kisha asema:

"Leo Bai Kanta katupikia dali, Mwanarehema! Sijui mama yule hutia nini. Yateleza yenyewe kooni."

Hakuna mashallah. Hakuna umepika, mke wangu. Dali! Kesho vivyo hivyo, kesho kutwa vivyo hivyo. Nikipika kuku wa kupaka, anieleza dali ilivyokuwa nzito leo. Nikipika mbaazi na mahamri, anieleza dali ya jana ilikuwa na harufu gani. Na mimi huyo Bai Kanta sijamwona hata kivuli, lakini nilishamchora kichwani: mwanamke mrefu, mweupe, bangili mpaka kwenye viwiko, amesimama juu ya sufuria yuacheka.

Siku kibaba kilipofurika ilikuwa siku ya pweza. Pweza nimempiga kwa mchi tangu jua halijawa kali mpaka mabega yakaniuma. Nikampika kwa nazi mbili, akalainika mpaka ukimtazama tu akatika. Mbwana alikula, akaramba vidole, nikasema moyoni, leo, leo atasema. Akasema:

"Pweza hana neno. Lakini dali ya leo..."

Sikumngoja amalize. Nilisimama katikati ya chumba na mwiko mkononi. Jirani yangu Nyevu alikuwa mlangoni, amekuja kurudisha chekeche langu, naye ndiye shahidi. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kisimani:

"Wallahi, billahi, tallahi! Dali haipikwi kwa mkono huu, haitelekwi kwenye jiko hili, wala haipiti mlango huu, maadamu mimi Mwanarehema ni hai!"

Nyevu alikuwa Mgiriama wa Kaloleni, Mkristo, mtu wa kwenda kanisani kila Jumapili na kitambaa cheupe kichwani. Lakini kukaa kwetu ukuta kwa ukuta kulishamfundisha uzito wa wallahi. Akaweka mkono kifuani.

"Ee dadangu! Wakiapia chakula? Chakula kimekukosa nini?"

Mbwana akanywa maji, akaweka kikombe chini taratibu. "Haya," akasema, akaenda zake kulala. Hiyo haya yake ndiyo iliyoniumiza zaidi. Mtu akikutukana una la kumjibu, akikwambia haya, wamjibu nini?

Tukakaa hivyo. Dali haikutajwa tena nyumbani, na mimi nikajiona mshindi. Kisha zikaja zile mvua za balaa, zile zilizogeuza Likoni nzima kuwa madimbwi, na madimbwi yakaleta mbu, na mbu wakamleta Mbwana kitandani. Homa ilimtikisa mpaka meno yakagongana. Zahanati wakampa vidonge vichungu, akavimeza, na alhamdulillahi homa ikatoka. Lakini ilipotoka iliondoka na hamu yake ya kula.

Nilimpikia uji wa pilipili manga, akausukuma. Nikamchinjia jogoo, akanywa mchuzi kijiko kimoja, akageukia ukutani. Samaki ndiyo usiseme, akisikia harufu tu alishika tumbo. Suruali aliyojishonea mwenyewe ikawa haikai kiunoni, akienda uani aishika kwa mkono. Niliogopa, nasema kweli. Nilikuwa namwona mume wangu apungua mbele ya macho yangu, na mimi niliyejidai mpishi sina cha kumtia mdomoni.

Asubuhi moja akaniita. "Mwanarehema."

"Abee."

"Nadhani... dali kidogo ningeweza." Kisha akakumbuka, akafumba macho. "Basi, acha. Umeapa. Usijitie dhambini kwa ajili yangu."

Laiti angenigombeza! Nilitoka nikaenda kukaa nyuma ya nyumba, nikalia kwa kanga mdomoni ili asinisikie. Nyevu akanikuta hapo. Nikamweleza. Akafikiri kidogo, akapiga paja.

"Hebu nikumbushe maneno yako. Ulisema haipikwi kwa mkono wako. Basi nitapika kwa wangu. Ulisema jiko lako. Nitapika jikoni kwangu. Ulisema nini tena?"

"Haipiti mlango wangu."

"Na dirisha, ulilitaja?"

Tukatazamana. Dirisha sikulitaja.

Basi Nyevu akanunua adesi, akazipika kama apikavyo kunde, maji na chumvi na Mungu asaidie. Zilipoiva, akaja nazo upande wa dirisha la chumbani. Dirisha lenyewe liko juu, na Nyevu ni mfupi. Ikabidi apindue kinu changu apande juu yake. Mimi ndani nimepanda kitandani, miguu huku na huku ya mgonjwa, nimenyosha mikono kupokea bakuli. Nyevu yuasukuma, bakuli halipiti kwenye nondo. Twaliinamisha hivi, mchuzi wamwagika kwenye kanga yangu. Twaliinamisha vile, wamwagika kwenye uso wa Nyevu. Mbwana chini yangu yuauliza, "Kuna nini huko juu?" Nikamwambia alale.

Hapo ndipo nikasikia sauti ya Maalim Boga, mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, apita kwenda msikitini.

"Nyie! Mwaiba au mwaibiwa?"

Nyevu aliporuka chini, kinu kikabiringika mpaka miguuni pa Maalim. Chakula kilichobaki kwenye bakuli, nililolishikilia kwenye nondo, nilikichota kwa mkono nikamlisha Mbwana. Akatafuna. Akatafuna tena. Kwa adabu zake akasema, "Nyevu, ahsante, Mungu akulipe. Hizi ni kunde za wapi?" Akageukia tena ukutani.

Maalim Boga akanisimamisha uani mbele ya Nyevu, akaniuliza kisa, nikamweleza chote mpaka dirisha. Alijitahidi kukunja uso, lakini ndevu zilimtetemeka.

"Mwanangu, Mwenyezi Mungu haendewi kwa dirisha. Nani alikwambia kiapo ni gereza? Mtu akiapa, kisha akaona kuna la heri kuliko aliloapia, hulitenda lile la heri, akatoa kafara ya kiapo chake. Walishe maskini kumi. Kila mmoja kibaba cha mchele mkononi mwake. Ukiwapikia na kitoweo juu yake, hiyo ni sadaka yako, na thawabu ni zako. Kisha nenda kampikie mumeo."

"Hivyo tu, Maalim?"

"Hivyo tu. Na siku nyingine ukikasirika, piga sahani."

Nilihisi kama nimetuliwa gunia la makaa kichwani. Lakini furaha haikufika mbali. Kupika dali ruhusa ninayo, kujua kupika dali sijui! Nyevu tumeshaona ujuzi wake. Na katika dunia nzima aliyejua ladha anayoitaka Mbwana alikuwa mtu mmoja tu. Maji nimeyavulia nguo, sina budi kuyaoga. Nikavaa buibui langu jipya, nisije nikaonekana mnyonge, nikapanda feri kwenda kwa Bai Kanta.

Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nitasema kwa ufupi. Sitacheka. Sitakaa hata nikikaribishwa.

Nyuma ya duka nikakuta kikongwe kidogo, kimejikunja kwenye mkeka ndani ya sari nyeupe ya ujane, meno ya mbele hakuna, yuachagua mawe kwenye sinia ya adesi. Bangili hana hata moja. Nikasema, "Shikamoo, bibi. Namtafuta Bai Kanta."

"Mimi. Wewe nani?"

"Mimi mkewe Mbwana, fundi."

Yule bibi akaweka sinia chini. Akanitazama toka juu hadi chini, kisha akaninyoshea kidole.

"Wewe! Wewe ndiyo ile samaki!"

"Samaki gani?"

"Samaki yote!" Akaanza kuhesabu kwa vidole. "Kila siku Mbwana nakula dali yangu, namaliza, nafuta mdomo, nasema: 'Bai, jana mke wangu napika changu, we!' Kesho: 'Bai, mke wangu napika pweza, nalainika kama pamba!' Mimi tangu kuzaliwa hapana kula samaki. Nyumba hii yai hapana ingia! Lakini sasa mimi najua pweza napigwa vipi, najua changu natiwa ndimu saa gani. Hata usiku nasikia harufu! Mimi nasema na mtoto yangu, huyu fundi mkono yake mzuri sana, lakini iko siku nitafukuza yeye kwa sababu ya samaki ya mke yake!"

Yale mabega yaliyoniuma kwa mchi, kumbe yalisifiwa, ila ng'ambo ya pili! Cheko likanitoka na machozi pamoja, nikaketi mkekani bila kukaribishwa. Nikamweleza habari ya kiapo, na dirisha, na kinu, na kafara ya maskini kumi. Bai Kanta alicheka mpaka akashika mbavu, na aliposikia kwamba Mbwana hali kitu, akaacha kucheka, akaniambia niinuke tuingie jikoni.

"Chukua hii, iko tayari," akasema. Nikakataa. Nilitaka apone kwa mkono ulioapa.

Basi akanionyesha. Adesi zaoshwa mpaka maji yatoke safi. Zatelekwa kwa maji mengi na manjano, hazisongwi, huachwa zijichokee zenyewe mpaka zisahau kwamba zilikuwa punje. Kisha zapondwa kwa mwiko na kutiwa chumvi. Hapo nilidhani tumemaliza, kumbe hatujaanza. Akatia samli kwenye kikaango kidogo, ilipopata moto akatupa haradali zikaanza kurukaruka, na bizari nyembamba, na kitunguu thomu, na pilipili kavu. Kisha akafungua kikebe, akachota unga kidogo, na harufu iliponifika nikarudi nyuma mpaka nikagonga mlango.

"Mvuje! Bibi, huo si mvuje?"

"Ndiyo."

"Mvuje sisi twawafunga watoto wachanga wasipatwe na jicho! Twawafukuzia mashetani! Mwala?"

"Nakula. Ndiyo maana shetani hapana hapa," akasema, akaumimina ule moto wote juu ya dali. Ikalia chwaaa, na jikoni kote ukapanda mvuke wa harufu ambao, nisiwafiche, ulinitia njaa papo hapo. Nikaonja kwa kijiko. Yateleza yenyewe kooni. Nikachukia kuona kwamba Mbwana hakusema uongo.

Nilirudi na mvuje umefungwa kwenye ncha ya kanga na adesi alizonipa mwenyewe. Nikamkuta Nyevu ameshatangaza kafara, na Likoni yote imefukarika kwa asubuhi moja. Waliokuja na sahani uani kwangu walikuwa zaidi ya maskini kumi mara mbili. Alikuwapo hata mtu mwenye shamba la minazi, amevaa kikoi kilichochanika alichokiazima sijui wapi. Maalim Boga alisema amekuja kusimamia tu, lakini nilimwona na bakuli chini ya kanzu. Akawachagua maskini wa kweli, nikawapimia vibaba vyao mkononi. Wengine nikawaambia wakae, mgeni hafukuzwi.

Nikateleka wali wa watu kwenye sufuria kubwa na dali ya Mbwana kando. Nikafanya yote kama nilivyofundishwa. Adesi zikajichokea, nikaziponda, nikatia chumvi. Samli ikapata moto, haradali zikaruka, mvuje ukanuka, mmoja wa wageni akasema, "Nani ana mtoto mchanga hapa?" Nikamimina, ikalia chwaaa. Nilifurahi! Nikaitazama, nikaona imekuwa nzito kidogo. Na kando yangu lilikuwa bakuli la tui la wali.

Wallahi sikufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe. Mwanamke wa Kidigo aona sufuria nzito, na tui liko karibu, mkono wangoja ruhusa ya nani? Nilishtuka bakuli lishakuwa tupu.

"Nyevu!" nikapiga kelele. "Nimetia nazi!"

Nyevu akachungulia. Dali imegeuka rangi, imekuwa kama jua la asubuhi. "Wahindi hawatii?"

"Hawatii! Nimeiharibu! Na adesi zimekwisha!"

"Basi mpelekee hivyo hivyo. Asipokula hii, atakula nini?"

Nikapakua. Nilipofika mlangoni, mlango ule ule, nikasema bismillahi nikavuka na bakuli, na Nyevu nyuma yangu akapiga kigelegele cha kuvunja anga, na wale maskini wote, wa kweli na wa kuazima, wakamwitikia. Mbwana akashtuka akajiinua kwa kiwiko.

"Nani kaoa?"

"Kula," nikamwambia.

Akachota kijiko. Akakiweka mdomoni. Dirishani nilimwona Nyevu, amepanda tena kinu. Mbwana akameza. Akachota kingine, akakitazama.

"Hii si ya Bai Kanta."

"Najua."

"Umetia nazi."

"Imeingia yenyewe, bwana. Mkono tu. Nisamehe."

Alikula. Alikula ameinama, polepole, kijiko baada ya kijiko, mpaka nikasikia kijiko chakwangua bakuli. Kisha akaninyoshea lile bakuli tupu.

"Ongeza," akasema.

Nililia mbele yake, sikuficha tena. Alipomaliza la pili, nikaketi kando yake kitandani nikamuuliza lile lililokuwa likinikereketa: kwa nini samaki wangu akamsifie ng'ambo, mimi hapa anieleze dali tu.

Akanishangaa kweli. "Nikusifu usoni? Mtu hasifiwi usoni, Mwanarehema, huko ni kujipendekeza. Na sifa za usoni huleta jicho. Mtu husifiwa akiwa hayupo. Wewe hukuwapo kule, Bai Kanta hakuwapo hapa."

Niambieni, mume kama huyo utamfanya nini? Nilimfunika shuka.

Alipona, akajaza suruali yake, akarudi kazini. Jioni ya siku ya kwanza nikamwandalia changu. Akala, akafuta mdomo, akaegemea ukuta.

"Bai Kanta akusalimu."

"Amesema nini?"

"Nilimweleza habari ya dali yako ya nazi."

"Ukamweleza mara ngapi?"

"Kidogo tu. Asubuhi, na adhuhuri, na nilipokuwa nikiaga. Akashika masikio yake mawili, akaapa kwa Mungu wake kwamba nazi haitaingia kwenye dali ya nyumba yake maadamu yu hai."

Safari hii sikukasirika. Nilimwongezea samaki, nikamwambia amweleze tena kesho.

Haikupita wiki, ninapaa samaki uani, nikasikia hodi. Bai Kanta mwenyewe, na sari yake nyeupe imeroa maji ya feri, amekumbatia nazi kubwa kama mtoto. Nyevu akaacha kutwanga.

"Karibu, bibi," nikasema. "Lakini si nasikia uliapa?"

"Maskini kumi nimelisha asubuhi," akasema Bai Kanta, akavua viatu. "Toa hiyo samaki nje, halafu fundisha."